Mwelu Aliyefurahi Kukataliwa

Caroline Mwelu Lesiamon, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Florence, alizaliwa tarehe 3 Juni 1984 Kathonzweni, Makueni. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Munguti na Mama Mutindi. Mimi ni Kiilu, mdogo wake, na ninasoma haya kwa niaba ya familia.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko nyumbani, na maswali yake yaliwachosha walimu. Siku moja dukani alimuuliza baba kwa nini mwenye duka anatoa sukari nzuri na kupokea karatasi. Baba akamjibu, "Kwa sababu na yeye akienda nayo mbele, wengine wataipokea." Mwelu akauliza, "Na wakikataa?" Baba alisimulia kisa hicho akicheka mpaka uzeeni. Mwaka 2007 Mwelu alihitimu masomo ya kompyuta Nairobi, na mwaka uliofuata kazi ya kuandika programu ikamleta Kitengela.

Hapo alikutana na Hillary Lesiamon, daktari wa mifugo. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2011, wakajenga karibu na boma la mama mkwe, Mama Soipan. Asubuhi ya kwanza Mwelu alitaka kuonyesha kwamba anaweza kukama. Ng'ombe alipiga teke, maziwa yote yakamwagika, na Mama Soipan akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ilianza 2019. Pamoja na vikundi vya akina mama na wafanyabiashara wa Kitengela, Mwelu aliunda sarafu ya kwenye simu, wenyewe wakaiita ndama. Muuza maziwa alilipwa ndama, naye akamlipa mleta maji. Hakukuwa na benki katikati. Kila kikundi kilikuwa na simu yake yenye nakala ya hesabu zote, na ndama wapya hawangeweza kuzaliwa mpaka vikundi vyote vikubali kuweka programu mpya. Mwelu alisisitiza hivi: "Kompyuta inafuata tu. Kanuni ni yale mmekubaliana."

Ukaja ukame wa 2022. Mizoga ilitapakaa kandokando ya barabara ya Namanga. Mwelu hakulala kwa huruma. Akaandika programu mpya ya kuongeza ndama, ili waliopoteza mifugo wanunue nyasi. Tarehe 24 Septemba aliwaita wanachama, nami nikiwa mmoja wao, kwenye ukumbi wa kanisa, simu mkononi, akiwa na hakika kabisa.

Bwana Kinyanjui, muuza nyasi, alisimama wa kwanza. "Mkiongeza hizo ndama, nyasi yangu haitaongezeka. Nitapandisha bei tu, niwaambie ukweli."

Kisha akasimama Mama Soipan, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa.

"Mwelu, mtoto wangu, sisi hatutaweka hiyo programu."

"Yeyo, mama yangu, ng'ombe wanakufa!"

"Hata zangu zinakufa. Lakini leo unaongeza juu ya nyasi. Kesho mwingine ataongeza juu ya nini? Tulikubaliana."

"Mimi ndiye niliandika hii kitu!"

"Uliandika. Halafu ukatupatia."

Kikundi kimoja baada ya kingine kilikataa. Mwelu alisimama mbele yetu, nami nikadhani atatoka nje. Mama Soipan hakuketi. Alisema kikundi chake kingechangia sehemu ya ndama walizonazo kwa waliopoteza zaidi. Bwana Kinyanjui akasema hatapandisha bei mpaka mvua inyeshe. Mikono ikainuka ukumbi mzima, watu wakisimama kabla ya kuitwa.

Hapo ndipo Mwelu alipoangua kicheko, machozi yakimtoka. "Mmenikataa!" akapaza sauti. "Mmenikataa mimi! Basi sasa ni yenu!" Akamkumbatia mama mkwe wake, wakaruka pamoja kama wasichana, akina mama wakapiga vigelegele. Si ng'ombe wote waliopona, na wa Mwelu mwenyewe walikufa. Lakini ndama hazikupoteza thamani, na mwaka uliofuata vikundi vya Kiserian na Tuala vikaja kujifunza. Mwelu aliwapeleka kwa Mama Soipan. "Muulizeni yeye," alisema, "mimi nilishindwa kwa kura."

Mwezi wa Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Nairobi, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Akiwa kitandani alipigiwa simu kwamba wanachama wamekubaliana kanuni mpya bila yeye. Alitaka kusimuliwa kila kitu: nani alipinga, nani alishawishika. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, mikononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Hillary. Watoto, Florence na Timothy. Mama yake, Mutindi. Mama mkwe, Soipan. Nami ndugu yake. Pamoja na majirani wengi, siwezi kuwataja wote.

Mungu akupe pumziko jema, dada. Jumamosi tunakutana ukumbini kama kawaida, na tutabishana.