Masikio ya Mwanasiti

Kombo muuza kahawa amehamia Pangani, na benchi lake halipo tena pale mtaani kwetu Nguvumali. Lakini nikipita bado naangalia mahali lilipokuwa. Mwaka wa mafua makubwa, 1957, chuo chetu cha Kurani kilifungwa, watoto wakakaa majumbani. Mafua yalipopoa tukaona ajabu: masikio yaliyokuwa yakitoka usaha mtaa mzima yamekauka. Hata ya Mwanasiti wangu, wa miaka mitano. Nilikuwa nikikaanga vitumbua karibu na benchi, naye akicheza miguuni pangu, amewapa mgongo wazee waliokuwa wakinywa kahawa.

— Mafua ndiyo yameufukuza usaha, alisema Uweso, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Fahali wawili hawakai zizi moja!

— Wapi! akadakia Saud, aliyeitwa Bwana Afya kwa koti lake jeupe. Chuo kilifungwa, hakuna aliyevutwa sikio, yakapona. Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo imeingiaje hapo? aliuliza Redio.

— Imeingia tu. Wewe huna neno jingine ila mafua?

— Ninalo. Ni kelele za watoto wakitoka chuoni! Zinajaa sikioni kama maji mtungini, zinavunda. Safari hii hazikupata pa kuingilia.

— Mbona wewe unapiga kelele miaka sitini sasa, na huvundi?

— Mimi natoa, siingizi! Halafu, bwana, sikio la kufa halisikii da…

Kombo akakohoa, akaelekeza kidevu kwangu. Redio akaimeza methali yake pamoja na kahawa. Wema ule sijausahau.

Ndipo akafika kijana mgeni, Timotheo, kutoka Muheza.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Keti, mwanangu.

Akapewa kikombe, akawasikiliza, kisha akamtazama Mwanasiti, akauliza:

— Na huyu mtoto, sasa anasikia?

Wazee wakanigeukia. Nami nikainamia vitumbua vyangu. Tangu masikio yaanze kumtoka usaha, Mwanasiti alikuwa haitiki mpaka nimguse bega. Yalipokauka niliendelea kumgusa; niliogopa kumwita.

Kombo akainuka. Akasimama nyuma ya mwanangu, akagonganisha vikombe viwili, taratibu, si kama agongavyo akipita mitaani.

Mwanasiti akageuka. Akanyoosha mkono.

— Babu, na kashata?

Kombo akamwekea sinia zima la kashata mapajani. Kahawa ikapoa vikombeni, hakuna aliyeikumbuka.