Bi Subiri na Saa Moja ya Sauti, Picha na Maandishi

Ndugu, jamaa na majirani, mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma hadi sekondari, na mwaka 1990 akahitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa redioni kama fundi mitambo.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, siku hiyo mama akachelewa na kudai saa ya ukumbini ndiyo iliyotangulia, wakajaliwa watoto watatu, na kitinda mimba alipougua homa ya uti wa mgongo mwaka 2003 akapoteza uwezo wa kusikia, mama aliacha redio, akahamia kampuni ya video za mtandaoni, ili mwanawe asipitwe na neno.

Huko alizishika kanuni za mtandao za kuoanisha sauti, picha na maandishi, akitueleza mezani mpaka chakula kikapoa, kwamba moja hupanga nini kianze na nini kifuate, nyingine hubeba maandishi na wakati wa kila mstari kutokea na kuondoka, nyingine huiuliza video imefika wapi, na zote hufuata saa moja, kama watu wanaopandisha kabati ngazini, wa mbele asipomsubiri wa nyuma, kabati linaanguka.

Januari mwaka huu alipatikana na saratani ya mapafu, maji yakiwa yamezidi unga, na wiki ya mwisho aliturekodia ujumbe wa kutuaga, kinywa kikiwa ndani ya barakoa ya oksijeni, midomo isisomeke. Kitinda mimba tulimweleza kwa ishara, lakini alitaka kuyaona maneno pamoja na macho ya mama yake, kama alivyozoea, tukajaribu kuyaandika kwenye video, yakatangulia, yakachelewa, yakatangulia tena, na aliyejua kuyaweka sawa hakuwa akiamka, tukabaki mikono kichwani. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, video ikiwa bado haijakaa sawa, na mpaka leo haijakaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, wanaomwandikia kitinda mimba maneno haya ukutani kadiri yanavyosomwa, ingawa yanachelewa, na mkimwona anatabasamu, ndiyo kwanza amefika, katika kusoma, kwenye harusi ya mama. Tunaomba jeneza lisiinuliwe mpaka naye afike hapa tulipo. Pumzika kwa amani, mama, tunamsubiri.