Mpangaji wa Figo la Kushoto

Ndugu waombolezaji, marehemu, mliyemwita Pima Mbili kwa kuwa hakukata kitambaa kabla ya kukipima mara mbili, alizaliwa tarehe 4 Machi 1985, wa kwanza kati ya watoto watatu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003, na kuanzia Januari 2006 akashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani yake ilimsomesha mdogo wake wa mwisho, anayewasomea karatasi hii, mpaka akapata degree, first class for that matter, na kochi la sebuleni la kulalia miaka minne.

Aliolewa na fundi redio tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 presha ilimpanda, kichwa kikimgonga kila asubuhi, vidonge vikaongezwa kutoka kimoja hadi vinne na presha haikushuka, miguu ikalegea hata pedali ya cherehani ikamshinda, na kila alikokwenda aliambiwa, punguza mawazo, mama. Shangazi zetu wakayatafutia mawazo hayo mwenyewe, wakamkuta kochini. Msomi mzima, walisema wakinywa chai nyuma ya pazia, kazi kula na kulala, ndiye anayemuua dada yake. Wa kochini alisikia yote, hakuwa na pa kwenda, akaamini, akafunga begi mara mbili, na mara mbili marehemu akalifungua, akisema, ukiondoka nani atanipigia pasi hizi sare, mjinga wewe?

Ultrasound ilisema figo ni safi. Tarehe 2 Mei 2024 daktari mmoja kijana alishtushwa na potasiamu iliyoshuka mno katika damu, akaagiza CT scan, na picha za mwisho, dawa ya kung'arisha mishipa ilipokwisha kupita, zikaonyesha kivimbe cha sentimita moja na nusu, kama punje ya karanga, ukingoni mwa figo la kushoto, uvimbe adimu unaomwaga homoni ya kupandisha presha, ambao ukikatwa mapema wengi hupona.

Marehemu aliibandika picha hiyo dirishani, mteja akiuliza anajibiwa, huyo ndiye mpangaji mbaya, siyo mdogo wangu, na akaagiza majibu yake yasomwe siku ya mazishi yake, hata yakiwa baada ya miaka hamsini. Ilikuwa wiki sita. Upasuaji ulipangwa tarehe 20 Juni, mshipa wa kichwani ukapasuka tarehe 13, saa tatu asubuhi, sindano ikiwa katikati ya kola.

Tunamshukuru daktari huyo, wauguzi, majirani waliombeba, mafundi wenzake waliomalizia sare, na shangazi zetu, waliowahi viti vya mbele na wamesikia vizuri.

Pumzika kwa amani, dada. Agizo limetimizwa, wa kochini bado yupo.