Bawa Lenye Mgongo

FUNDI: Haloo? Hebu niambie, ndege wa karatasi uzito wake unakaa kichwani au mkiani?

MWALIMU: Ni nani mwenzangu? Hata salamu hakuna?

FUNDI: Ni wifi yako. Mke wa marehemu kaka yako, fundi cherehani. Au nawe umeshapata wifi mwingine?

MWALIMU: Wifi. Miezi minane.

FUNDI: Miezi minane, ndiyo. Mdomo wako umepata likizo ndefu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo. Kumbe namba yangu unayo.

FUNDI: Ninayo. Nimekuandika “Mwalimu Mkali”.

MWALIMU: Mimi nimekuandika “Usipokee”.

FUNDI: Na umepokea.

MWALIMU: Sikuvaa miwani.

FUNDI: Haya, nijibu sasa. Kichwani au—

MWALIMU: Kichwani. Unauliza ya nini?

FUNDI: Natengeneza. Leo nimefika ndege wa thelathini na nne. Karatasi zangu za kukatia vipimo zimekwisha, wateja sasa nawakadiria kwa macho tu. Na wote wanapiga mbizi, wifi. Namrusha, anakwenda hatua mbili, anachomeka pua sakafuni. Jana mmoja alijitosa kwenye beseni la kufulia.

MWALIMU: Puani umeweka pini?

FUNDI: Nimeweka mbili, moja hu—

MWALIMU: Mbili za nini? Huyo ni ndege au kifuko cha sindano? Toa moja.

FUNDI: Nimetoa.

MWALIMU: Ncha ya mkia ikunje juu kidogo. Upana wa ukucha.

FUNDI: Ukucha wangu au wako? Maana wako ni upawa.

MWALIMU: Wa kidole cha mwisho. Umeanza.

FUNDI: Ngoja basi. (mkwaruzo wa karatasi) Amefika kabatini.

MWALIMU: Si mbali hapo?

FUNDI: Hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Wa marehemu walikuwa wanazunguka chumba kizima, wanapita juu ya taa, wanarudi huku wamevimba kama wageni wa heshima.

MWALIMU: Kaka yangu alikuwa na mkono.

FUNDI: Mkono upi? Yeye alikuwa anakunja. Aliyekuwa anarusha ni mimi. Siku akirusha yeye, utadhani anafukuza kuku jikoni.

MWALIMU: Hilo hakuniambia.

FUNDI: Akuambie saa ngapi, kila akija kwako anajisifu? Hakukuambia vilevile kwamba alimwaga gundi kitandani tukaamka tumegandana na shuka.

MWALIMU: (anacheka, anakohoa) Wifi, marehemu hasemwi.

FUNDI: Basi sikiliza. Sanduku la ndege wake ulilibeba siku ile, matanga hata hayajaanuliwa, watu wametutolea macho. Nikanyamaza. Leo silitaki sanduku. Nataka ndege mmoja tu. Nimfumue, nimlaze juu ya karatasi, nimchore, nikurudishie. Kama gauni tu.

MWALIMU: Hapana.

FUNDI: Mmoja kati ya ishirini na mmoja.

MWALIMU: Mtandao... unakwaruza huku, sikusi—

FUNDI: Unanisikia vizuri. Huo mkwaruzo unaufanya wewe kwa mdomo.

MWALIMU: Hali yao si nzuri.

FUNDI: Panya?

MWALIMU: Afadhali panya.

FUNDI: Maji?

MWALIMU: Nilitaka wawe nadhifu. Mabawa yalikuwa yamebinuka, wengine kama majani yaliyopigwa na jua. Nikasema kazi ya kaka yangu haiwezi kukaa hovyo namna ile. Nikatandika shuka mezani...

FUNDI: Mwalimu.

MWALIMU: Moto wenyewe ulikuwa mdogo.

FUNDI: Umewapiga pasi.

MWALIMU: Na kitambaa chenye unyevu juu yao.

FUNDI: Wangapi?

MWALIMU: Wote.

FUNDI: Wote?

MWALIMU: Wamelala kama vyeti. Nikimrusha mmoja anaanguka miguuni pangu, pwa. Unacheka?

FUNDI: Sicheki. (anacheka) Nacheka. Ishirini na mmoja, umewanyoosha kama sare za Jumatatu. Sasa mtu mzima wewe, mwanafunzi akikuletea— Ngoja. Umesema mabawa yalikuwa yamebinuka?

MWALIMU: Nimeshasema, usinitese.

FUNDI: Yamebinuka vipi?

MWALIMU: Yamepanda katikati, kama mgongo wa kijiko. Yalinisumbua hayo, nilikandamiza mara mbili.

FUNDI: Yangu yamelala kama meza, wifi. Yote thelathini na nne. Mimi nilikuwa naletewa mkononi narusha, sikuwahi kuwachungulia chini.

MWALIMU: Miaka ishirini na sita ya ndoa?

FUNDI: Nilikuwa nashona, nani angeshona? Subiri, nachukua mkasi. Naupitisha mgongo wake chini ya bawa, navuta polepole... hivyohivyo ninavyoulainisha ukosi wa shati. Limekubali. Na la pili. Nakuweka spika.

MWALIMU: Usimtupe kwa nguvu, wifi, ule—

FUNDI: Hatupwi huyu. Unamshika tumboni, unamsukuma kidogo, unamwachia. Kama mtoto anayeanza kutembea.

MWALIMU: Haloo? Umemwachia? Wifi?

FUNDI: Amepita kabati.

MWALIMU: Halafu?

FUNDI: Nyamaza. Anageuka. Anapita juu ya taa... anakuja huku... Amenigonga paji la uso, mshenzi huyu.

MWALIMU: (anapenga kamasi)

FUNDI: Unalia?

MWALIMU: Mafua.

FUNDI: Mafua yako nayajua. Sasa sikia, walete wako. Karatasi iliyopigwa pasi haijafa, mgongo wake unarudi. Utanionyesha kukunja, nitakuonyesha kuachia. Lakini sema haraka, salio langu limeshapiga mlio, nimebaki na—

MWALIMU: Kesho asubuhi.

FUNDI: Haya, kesho. Na sanduku ulishike kwa chini, kitasa chake kimelegea. Basi, lala sal—

MWALIMU: Usikate. Wifi, usikate kwanza. Hii simu nimeishika mara ngapi nikaiweka. Huku kila anayekuja anamsifu. Marehemu malaika, marehemu hakuwahi kumkosea mtu. Nami naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nataka mtu wa kumsema naye.