Mama Mlowe na Simu Zilizonuna

Mama Oktavia Mlowe anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mbao hapa Makambako kwa miaka thelathini na moja. Wasomi wa ofisini walisema wana kazi nyingi, kwa hiyo nimeambiwa haya ya kumuaga niandike mimi, Laurenti Haule wa kikosi cha kupogoa miti.

Alianza kwa kugonga kipande cha reli getini, kutuita kazini. Baadaye akapewa redio ya upepo, na kila amri aliitanguliza kwa "kamwene", salamu ya kwetu, hata ile ya kumfukuza mtu kazi. Miaka ya karibuni ndiye anayetuma ujumbe kwenye programu ya simu ya kampuni. Sisi tunaolala kambini, mbali na kwetu, tunaitegemea programu hiyo kwa jambo moja kubwa: moto. Misindano, hii misonobari tunayoipogoa, ikishika moto wakati wa upepo, asiyepata habari mapema hatoki.

Mwezi wa nane mfumo wa simu ulibadilika. Programu haiwezi tena kulia mpaka mwenye simu airuhusu. Fundi Nathanieli akaja na toleo jipya kutoka Njombe, akaliweka kwenye simu zetu zote siku ya kuchaji, dukani kwa Timoth kule Mahongole, kisha akaenda kula. Huku nyuma simu zikaanza kuomba ruhusa. Timoth akazikatalia zote. Zikaomba tena, akakataa tena. Na simu ikikataliwa mara mbili haiombi tena, inanuna.

Mama Mlowe alituma ujumbe wa majaribio, kambi nzima kimya. Nathanieli akamjibu kwamba kwake inaonyesha umefika.

"Umefika wapi, baba? Makaburini?"

Akapanda lori mpaka dukani. Timoth hakuona kosa lake. "Mama, mali ya mtu nimeachiwa niichaji. Sikuachiwa niiruhusu mambo." Mtu hagombezwi kwa uaminifu. Mama Mlowe alimgombeza hata hivyo, kwa Kibena, mpaka wateja wakatoka nje.

Akaanza kupita kambi kwa kambi, akiingia kwenye mipangilio ya kila simu kwa mkono wake. Wengine tulimficha simu tukiogopa matapeli wa mtandaoni. Wengine vioo vimepasuka, havibonyezeki. Akamrudia fundi: programu ieleze kwanza, kwa Kiswahili cha watu, kwamba bila ruhusa hutasikia onyo la moto, na aliyekataa aone mstari mwekundu kila akiifungua. Nathanieli akalalamika kwamba mstari huo utaharibu sura ya programu.

"Sura nzuri tutaionyesha msibani," Mama akasema.

Mstari ukawekwa, vioo vikatengenezwa, tukaruhusu mmoja mmoja. Ofisi ikamwambia aanze likizo yake ya mwisho. Hakwenda.

Wiki mbili zilizopita, mchana, moto ulivuka barabara ukaelekea kambini. Simu zetu zote zililia mifukoni. Tulikimbia, tukaacha misumeno na sufuria ya maharage jikoni. Tulipofika barabarani, Mama Mlowe alikuwa ameshafika. Hakutupa pole. Aliuliza tu, "Nani hakusikia?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi sasa naweza kustaafu."

Asante, Mama, kwa kutusumbua. Nenda kwenu Kichiwa ukalime viazi vyako, ulale usingizi mzito, na simu yako uizime kabisa. Mungu akupe miaka mingi isiyo na majaribio.