Mwanamapinduzi Aliyekataa Kulala Chini

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Musyoka, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Joseph Kaloki Ndululu, kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote kwa kifupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 hapa Mbumbuni, akasoma hapa hapa mpaka darasa la saba, na mwaka wa 1981 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kiboko, akaendesha trekta hadi alipostaafu mwaka wa 2022. Tarehe 20 Desemba 1986 alimuoa Mwongeli, binti ya Mama Kalunde wa Tawa, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote alijaribu kuwafundisha kuigiza, na wote wakakimbilia uhasibu.

Mwaka wa 1990 alianzisha kikundi cha maigizo pale Tawa, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwa mwanamapinduzi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na sauti, kifua, na ufunguo wa stoo ya mavazi. Shujaa wake alihutubia mpaka watu wakaanza kuulizia chakula, akipigwa risasi alikufa akiwa amesimama wima, halafu akahutubia tena kidogo, nasi tulidhani ni majivuno.

Mwaka wa 2014 alikuja mwongozaji Mjerumani, Bwana Ruprecht, na mchezo wa kwao, akaahidi kwamba ukifaulu kikundi kitapelekwa Ujerumani. Mwanamapinduzi wa Kijerumani alikuwa mtu wa kukohoa na kusitasita, aliyekula yai la kuchemsha wenzake wakinyongwa, na mwishowe alianguka na kulala chini kabla hajamaliza sentensi. Kaka alituuliza kila jioni, "Huyu anataka kupindua serikali ama anatafuta hospitali?" Lakini alitamani ndege kuliko kitu chochote, akachukua pasipoti, akajifunza kukohoa.

Tarehe 7 Juni, ukumbini Tawa, risasi zililia, kaka akayumba vizuri kabisa, kisha akamwona Mama Kalunde kiti cha mbele, akasimama. Kyule, aliyekuwa askari, alimnong'oneza, "Anguka, Kaloki!" naye akajibu, "Siwezi, mama mkwe ameketi pale." Nyinyi mnajua nthoni yetu, mwanamume halali chini mbele ya mkwewe. Askari walipiga mpaka wakachoka, wakajisalimisha, mapinduzi yakafaulu, Tawa ikashangilia, na Bwana Ruprecht akarudi kwao peke yake. Ile pasipoti tumemwekea mfukoni, haina muhuri hata mmoja, na jambo hilo linaniuma.

Januari mwaka huu wa 2025 aliugua moyo, na kila Mama Kalunde alipokuja wodini kaka alijilazimisha kuketi, mpaka daktari akamwomba Mama amsalimie kupitia dirishani. Alituacha tarehe 3 Novemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa Kiboko, na kikundi chote, hata Kyule aliyempiga risasi miaka hiyo yote.

Jana wazee walitaka Mama Kalunde aketi nyuma ya hema, asimwone mkwewe amelala, akakataa, akasema, "Wacha alale. Hata ile siku angelala tu, ningefunga macho." Ameketi hapa mbele.

Lala kwa amani, kaka. Mama amefunga macho.