Jekundu au la Bluu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na mlango wa fundi cherehani, na anayekaa mwisho wake sharti ainuke taratibu, la sivyo wa upande wa pili atajikuta chini. Asubuhi hiyo lilikuwa limejaa. Fundi cherehani, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mkasi kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa kimya, na kimya chake kiliwatia watu wasiwasi kuliko kelele zake. Dada yake mkubwa, aliyemlea kwa jembe la mkono tangu wazazi wao walipofariki, hatimaye alikuwa amepata uwezo wa kununua trekta. Kwa kuwa Mkasi ndiye aliye mjini, akamwachia achague. Muuzaji alikuwa ametenga mawili, jekundu na la bluu, yote ya mtumba, na alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Mkasi alikuwa anaogopa, basi. Akikosea, dada yake atalima na kosa hilo miaka nenda rudi.

— Hilo la bluu lina nini? — aliuliza Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye bado hukanyaga sakafu akiona gari linakuja.

— Lina kila kitu. Lina nguvu, linanyanyua jembe zito, halinywi dizeli ovyo. Vipuri vyake vimejaa madukani.

— Na jekundu?

Mkasi alishusha pumzi.

— Jekundu ni zuri.

— Zuri vipi?

— Zuri tu, Breki! Nimelizunguka mara ngapi sijui. Taa zake zimekaa kama macho ya mtu anayetaka kucheka. Likiwashwa, kifua kinaitikia.

— Wewe unanunua trekta au unaposa?

Benchi zima lilicheka. Kinyozi, jina lake la kijiweni Manukato, alitoka kibandani na mashine mkononi. Mteja wake alibaki kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu.

— Mwacheni fundi wa watu, — alisema Manukato. — Uzuri nao ni kazi. Trekta ukilipenda utalifuta vumbi, utalibadilishia oili kwa wakati. Usilolipenda utaliacha juani mpaka kuku watagie kwenye kiti.

— Mapenzi hayavuti jembe, — alisema Breki. — Mimi nimeendesha lori baya mpaka askari wa barabarani wakawa wananihurumia. Lilifika kila nilikolituma.

— Ndiyo maana ukazeeka mapema.

— Nizeeke, lakini nilifika!

Muuza kahawa, ambaye wote humwita Shangazi ingawa hana undugu na yeyote pale, alimimina vikombe huku ameshika buli kwa kitambaa.

— Hili buli nililinunua kwa ajili ya mdomo wake, — alisema. — Tazameni ulivyopinda kwa madaha. Mpini wake unaunguza, kila siku unaniunguza.

— Kwa hiyo unajuta, Shangazi?

— Nijute nini? Nikiungua nalitukana, kisha nalisugua ling'ae.

Mkasi alijikuna kichwa. Kila neno lilimwingia, na kila neno lilimvuta upande wake.

— Halafu kuna mazao, — Manukato aliongeza, sasa mashine ikinguruma hewani. — Mahindi yana haya. Ukipita na trekta lenye sura mbaya, yanainama. Ukipita na jekundu, yanasimama wima yaone nani anapita. Hata ya shamba la jirani yatachungulia.

— Ondoka hapa! — alisema Breki. — Jekundu litaleta magugu. Nayo si yanataka kuona?

— Na la bluu litafukuza mvua! Wingu likitazama chini likaona bluu, litadhani limefika juu ya ziwa. Litajiuliza, hapa maji ya nini tena? Litakwenda zake.

Breki mwenyewe aliangua kicheko. Hata Mkasi, pamoja na hofu yake yote, alicheka mpaka kahawa ikampalia, na Shangazi akampiga mgongoni.

Hapo ndipo mteja wa nusu kichwa alipotoka kibandani, shuka la kinyozi likiwa bado shingoni. Hakuna aliyemjua, ndiyo kwanza alikuwa amefika kunyolewa hapo.

— Samahani, mimi mgeni. Hilo trekta nani ataliendesha?

— Dada yangu, — alijibu Mkasi.

— Miguu yake inafika kwenye klachi?

Breki alimtazama Manukato. Manukato alizima mashine. Shangazi alisimama na buli hewani.

Mkasi ndiye aliyeshikwa na aibu kuliko wote. Yeye hakati kitambaa kabla ya kumsimamisha mwenye nguo mbele yake, na anawafukuza wanaomwambia akadirie tu. Kwa trekta alikuwa amepima kila chuma, na atakayeliendesha hakumuuliza lolote.

Alitoa simu, akaiweka kwenye spika bila kuombwa.

— Dada, shikamoo.

— Marahaba, mdogo wangu. Umechagua?

— Hapana. Dada, wewe unataka lipi?

Kicheko kilitoka kwenye simu, kirefu, mpaka Breki naye akaanza kutabasamu.

— Nilikuwa najiuliza utaniuliza lini. Nimeshapanda basi, nakaribia kufika. Mwambie muuzaji nitakuja kukalia yote mawili, nigeuke nyuma nione kama jembe naliona vizuri.

— Lakini dada, kuna jekundu na kuna la bluu. Rangi je, huna unayoipenda?

Basi lilisikika likibadilisha gia.

— Jana usiku nimeota naliendesha, — alisema. — Shamba lote limelimwa, na mgongo hauniumi hata kidogo. Rangi sikuiona, mdogo wangu. Nilikuwa naangalia mbele.